Nani Alisema Pale Palikuwa Patupu?

Wiki mbili zilizopita nilialikwa kwenye warsha ya siku moja kuhusu filamu na utalii. Sitaitaja taasisi iliyoiandaa, kwa kuwa chai yao ilikuwa nzuri na kosa ninalolilalamikia si lao peke yao. Mtoa mada mmoja, kijana mwenye ufasaha, alituonyesha ukutani picha ya Monument Valley: ile miamba mirefu myekundu, mpakani mwa Arizona na Utah, ambayo hata asiyeijua kwa jina ameiona mara mia. Akatuambia kwa furaha: "Ndugu washiriki, hapa palikuwa jangwa tupu. Akaja John Ford na kamera yake, na leo dunia nzima inapajua. Nasi mandhari tunayo. Tunachokosa ni kamera." Ukumbi ukapiga makofi. Maofisa waliokaa mbele yangu wakaandika madaftarini. Niliponyosha mkono kuuliza ni nani aliyekuwa akiishi hapo kabla ya John Ford, mwenyekiti akasema muda umetubana, tuende kwenye picha inayofuata.

Picha hiyo iliyofuata nitaifikia. Kwanza nilijibu swali langu mwenyewe, maana hapa mwenyekiti ni mimi.

Nikiri jambo. Mimi ni zao la vibanda vya video. Watu wa rika langu tulitoa sarafu zetu, tukajibana kwenye mabenchi, tukamtazama kauboi akifyatua bastola, huku tukiwa na uhakika wa kanuni moja isiyovunjwa: steringi hafi. Tukitoka nje tuliigiza yote tuliyoyaona. Hakuna aliyekubali kuwa Mhindi Mwekundu. Kazi hiyo walipewa wadogo zetu, na walitakiwa wafe haraka. Kwa hiyo siandiki kwa chuki. Baadhi ya filamu hizo ni sanaa kubwa, na wanafunzi wangu wanajua ni mara ngapi nimewalazimisha kuitazama The Searchers ya mwaka 1956. Ninachokipinga ni neno "tupu". Ninadai kwamba mahali hapageuki mandhari ya kuuzwa mpaka wenyewe wawe wameondolewa kwanza, kwa bunduki, kwa njaa, au kwa kubandikwa jina la watu wengine. Na hakuna biashara inayolithibitisha hilo vizuri kuliko ile ya ranchi za filamu za kauboi na maeneo zilikopigwa.

Biashara hiyo ilikomaa California ya kusini mwanzoni mwa miaka ya 1910. Watayarishaji walikuta huko jua la karibu mwaka mzima, bahari, milima na jangwa katika mwendo mfupi, na mji wa Los Angeles ambao waajiri wake walijivunia udhaifu wa vyama vya wafanyakazi. Kufikia 1912 Thomas Ince alikuwa akipiga filamu katika korongo la Santa Ynez, kando ya Pasifiki, mahali palipokuja kuitwa Inceville. Kampuni ilikuwa imekodi kikosi kizima cha maonyesho cha ndugu wa Miller kutoka Oklahoma: makauboi, farasi, nyati, na familia za Walakota zilizopiga mahema yao palepale kazini. Watoto wa watu walioshindwa vitani sasa walilipwa ili washindwe tena, mara kadhaa kwa wiki, kabla jua halijazama.

Mwaka uliofuata likafanyika jambo ambalo kila nikilisimulia darasani wanafunzi hudhani natia chumvi. William Cody, yule Buffalo Bill, alikwenda Pine Ridge, South Dakota, kupiga filamu ya mauaji ya Wounded Knee mahali yalikotokea. Mauaji yenyewe yalikuwa ya Desemba 1890; jeshi la Marekani liliua mamia ya Walakota, wengi wao wanawake na watoto. Sasa ni 1913, miaka 23 tu baadaye, na jeshi lilelile limetoa askari wa kuigiza. Jenerali mstaafu Nelson Miles naye akaja kuhakikisha mambo yanakwenda kama yalivyokuwa. Miongoni mwa Walakota waliotakiwa kuanguka mbele ya kamera walikuwamo manusura. Sehemu kubwa ya filamu hiyo imepotea. Mimi sisikitiki.

Baada ya hapo hesabu za fedha ndizo zilizochora ramani. Mikataba ya kazi iliwataka wenye studio walipe gharama za ziada pale watu walipopelekwa mbali na mji, na mpaka uliokuja kuzoeleka ni wa maili 30 hivi. Ndiyo maana "Arizona", "Texas" na "Meksiko" ya filamu vikajibana katika mabonde ya jirani na Los Angeles, katika nchi iliyokuwa ya Wachumash, Watongva na Watataviam. Kulikuwa na ranchi ya Iverson huko Chatsworth, yenye miamba ya duara ambayo mtazamaji wa filamu za zamani huitambua kama ukuta wa nyumba ya jirani. Studio ya Paramount ilinunua ekari 2,700 kwenye milima ya Santa Monica mwaka 1927. Ray Corrigan alinunua yake mwaka 1937 huko Simi Valley akaiita Corriganville. Bwana huyu aliigiza kauboi, na siku nyingine alivaa ngozi ya gorila akaigiza gorila. Gene Autry alikuwa na Melody Ranch, iliyoteketea kwa moto 1962. Nyingi ziliishia hivyo: moto, barabara kuu, nyumba za kupangisha. Mji wa mbao wa Paramount uliungua katika moto mkubwa wa Novemba 2018, na mara moja harakati za kuujenga upya zikaanza, kwa sababu ni urithi. Mji ambao haukuwahi kuwa na mkazi hata mmoja ni urithi!

Na sisi tulikuwamo katika hesabu hizo, msomaji usidhani tulisahauliwa. Ipo ramani ya California iliyoandaliwa na Paramount katika miaka ya 1920, inayoonyesha ni wapi jimboni humo unaweza kuipiga Sahara, wapi Siberia, wapi Bahari ya Shamu, bila kulipa nauli ya meli. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilifanya kinyume chake: ilileta kikosi chake hadi Afrika Mashariki kupiga Trader Horn, ikazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Picha zilizobaki hazikutupwa. Zilipikwa tena ndani ya Tarzan the Ape Man ya mwaka 1932, iliyopigwa kwenye maziwa ya California. Itazame utaona: waigizaji wa Kizungu wamesimama studioni, na nyuma yao, kwenye pazia, wanapita Waafrika waliopigwa picha miaka mitatu kabla, maelfu ya maili kutoka hapo. Watu hao hawakujua wamesimama nyuma ya nani. Mtu amegeuzwa ukuta.

Sasa turudi kwenye lile bonde la mtoa mada.

Simulizi aliyotupa inapendwa sana, na nusu yake ni kweli. Harry Goulding, mfanyabiashara mweupe mwenye duka katika bonde hilo, alisafiri na mkewe hadi Hollywood mwaka 1938 akiwa na picha za miamba, akawashawishi watu wa John Ford. Stagecoach ikatoka 1939. Ford akarudi tena na tena, hadi Cheyenne Autumn ya 1964. Inasemwa kwamba Goulding alikwenda kwa sababu Wanavajo, wenyeji wa pale, walikuwa na njaa, na kwamba filamu iliwaokoa.

Lakini ni nani aliyewatia njaa? Hapo simulizi hukatika kama mkanda wa video wa zamani. Kuanzia 1933 serikali ya Marekani iliendesha mpango wa kupunguza mifugo ya Wanavajo. Sababu iliyotolewa ilikuwa mmomonyoko wa udongo. Kondoo, mbuzi na farasi walinunuliwa kwa bei ya kutupa, na wengine walipigwa risasi mabondeni mizoga ikaachwa ioze mbele ya wenyewe. Takriban nusu ya mifugo ilipotea katika jamii ambayo mfugo kwayo ni chakula, mahari, heshima na mali ya wanawake. Maofisa wenzangu wa serikali, neno "kupunguza mifugo" si geni mezani kwenu. Naomba mlisome tena taratibu. Mtu aliyenyang'anywa kondoo wake huyo ndiye aliyepanda farasi kuwa "Mhindi" wa John Ford kwa ujira wa siku. Kumwita aliyempa kibarua mwokozi, bila kumtaja aliyemfukarisha, ni kusimulia hadithi kuanzia katikati.

Tena hakulipwa kuwa Mnavajo. Katika Stagecoach alikuwa Mwapache. Katika The Searchers alikuwa Mkomanche, na chifu wake, Scar, aliigizwa na Henry Brandon, Mjerumani mzaliwa wa Berlin. Katika Cheyenne Autumn alikuwa Mcheyenne. Inasimuliwa kwamba katika filamu hiyo Wanavajo walisema kwa Kinavajo walichotaka, matusi na mizaha, huku nyuso zao zikiwa na huzuni ya kutosha, na mwongozaji asijue. Nawapenda kwa hilo kuliko ninavyompenda Ford.

The Searchers inafunguliwa kwa maandishi: Texas, 1868. Kisha mlango unafunguliwa na tunaiona Monument Valley, ambayo haiko Texas. Wahakiki wameandika mengi kuhusu mlango ule. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waache mlango, waitazame tarehe. Mwaka 1864 jeshi la Marekani lilikuwa limeyachoma mashamba ya Wanavajo, likakata miti yao ya matunda, likawaswaga maelfu kwa miguu hadi kambi ya Bosque Redondo, New Mexico. Zaidi ya watu 2,000 wanakadiriwa kufa njiani na kambini. Wachache, wakiongozwa na Hoskininni, walijificha katika nyika na makorongo ya upande huohuo wa Monument Valley. Mkataba uliowaruhusu waliosalia kurudi kwao ulitiwa saini tarehe 1 Juni 1868. Kwa hiyo katika mwaka uleule ulioandikwa kwenye filamu, hadithi kubwa ya nchi ile ilikuwa ya watu waliotekwa wakirudi nyumbani. Filamu nayo inasimulia juu ya aliyetekwa kurudishwa nyumbani, ila aliyetekwa ni binti wa Kizungu na watekaji ni wenye nchi. Sidhani Ford alikusudia. Hakulazimika kukusudia, bonde lilikwisha kuwa tupu machoni pake.

Na wakati watalii wakiijua miamba, chini ya miamba kulikuwa na kazi nyingine. Kati ya 1944 na 1986 karibu tani milioni 30 za mawe ya urani zilichimbwa katika ardhi ya Wanavajo, Monument Valley ikiwamo, kwa ajili ya mabomu ya Marekani. Migodi zaidi ya 500 iliachwa wazi. Vumbi lake halikuonekana katika filamu yoyote ya kauboi ninayoijua.

Atakayesema nimeteua mfano mmoja mbaya, twende Alabama Hills, karibu na mji wa Lone Pine, California. Mamia ya filamu yamepigwa hapo tangu 1920. Hata Gunga Din ya 1939, ambayo ni ya Uhindi ya Waingereza, ilipigwa hapo. Jina lenyewe walilitoa wachimba madini walioshabikia majimbo ya watumwa, kwa heshima ya manowari yao Alabama. Katika miaka hiyohiyo ya 1860 jeshi liliwapiga Wapaiute wa bonde hilo la Owens, na mwaka 1863 likawatembeza karibu watu 1,000 hadi Fort Tejon, ng'ambo ya milima. Mwaka 1913 mfereji wa Los Angeles ukakamilika na maji ya bonde yakaanza kwenda mjini. Mji ulianza na maji, ukafuata na picha. Kisha, mwaka 1942, umbali wa dakika chache kwa gari kutoka miamba hiyo, serikali ikajenga Manzanar, kambi iliyofunga zaidi ya Wamarekani 10,000 wenye asili ya Japani. Vita vya bandia vya kauboi na Mhindi vilipigwa picha katikati ya mahali palipokuwa na vita halisi, unyang'anyi halisi na gereza halisi. Haki yake niitoe: Bad Day at Black Rock ya 1955, iliyopigwa hapo Lone Pine, inamhusu mkulima wa Kijapani aliyeuawa na mji mzima ukanyamaza. Filamu moja, kati ya mamia.

Mfano wa Hispania ndio unaoninyima usingizi zaidi. Sergio Leone alipokuwa akipiga The Good, the Bad and the Ugly mwaka 1966 alihitaji makaburi kwa ajili ya pambano la mwisho. Serikali ya Franco ikampa askari. Katika mkoa wa Burgos wakachimba na kuinua maelfu ya makaburi kwa mduara, yenye misalaba, yasiyo na maiti. Burgos ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Franco wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na nchi nzima ilikuwa imejaa mashimo ya halaiki ya waliouawa na jeshi hilohilo, yasiyo na msalaba wala jina. Tangu 2015 wapenzi wa filamu wamefukua na kuyarejesha yale makaburi matupu kwa majembe yao. Ukilipa euro chache jina lako huandikwa kwenye msalaba. Siwabezi, walifanya kazi kwa mapenzi. Lakini katika nchi hiyohiyo wapo wazee waliokufa wakisubiri kuonyeshwa shimo alimozikwa baba yao.

Najua jibu litakalokuja, kwa kuwa mwenzangu mmoja wa uchumi alinipa akiwa bado anatafuna: "Daktari, watu wanataka ajira, wewe unawapa historia." La hasha. Mimi nataka ajira hizo ziwe na mwenye nyumba. Kama mtoa mada alitaka somo kutoka Monument Valley, lilikuwapo, isipokuwa si la mwaka 1938. Ni la mwaka 1958, Baraza la Wanavajo lilipolitangaza bonde kuwa hifadhi yao wenyewe. Leo kiingilio hulipwa kwao, na mwenye kamera huomba kibali kwao, katika ofisi yao. Mwaka 2021 walikwenda mbali zaidi: waliitia A Fistful of Dollars, ya Leone yuleyule, sauti za Kinavajo, na safari hii bila kulazimika kuficha mizaha. Ofisa anayeandaa kanuni za vibali vya filamu na ajiulize: kijiji kitasaini wapi? Kitalipwa kwa akaunti ipi? Kitakuwa na haki ya kukataa, au "ushirikishwaji" ni kuitwa mkutanoni kuambiwa kamera zinafika kesho?

Sasa ile picha iliyofuata. Ilikuwa ya Hatari!, filamu ya Howard Hawks iliyotoka 1962, John Wayne akiwa juu ya gari anamnasa faru kwa kamba. Ilipigwa Tanganyika kati ya mwishoni mwa 1960 na 1961, sehemu kubwa kuzunguka Arusha, na makao ya wahusika yakiwa Momella, chini ya Mlima Meru. Hawks na Wayne walikuwa wametoka kufanya Rio Bravo, na waliyoyafanya huku ni yaleyale: ranchi, kamba, mbio, vinywaji jioni. Waafrika wamo, pembeni. Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji, alipapenda akanunua shamba hapo. "Momella," alisema mtoa mada, "nayo ilikuwa pori lisilojulikana."

Jirani na Momella ni Engare Nanyuki. Mwishoni mwa 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa hapo kwa nguvu Wameru takriban 3,000, nyumba zao zikachomwa, ili ardhi iwe mashamba ya mifugo ya walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuieleza dunia kwamba pale hapakuwa patupu. Miaka tisa haikupita, kamera zikafika.

Baada ya warsha nilimwandikia yule kijana, nikamtajia kitabu cha Kirilo Japhet na wakili Earle Seaton kuhusu kesi hiyo, kilichochapishwa 1967. Amenijibu kwa adabu kwamba atakitafuta, na ameuliza kama ndani yake mna picha anazoweza kuzitumia.